Soko la pembeni

Mpiga picha za harusi wa Mongbwalu, mji wa machimbo ya dhahabu wa Ituri huko Kongo, anayetaka kamera mpya huagiza: kwa ndugu aliye Kampala, kwa mfanyabiashara anayerudi kutoka Dubai, au mtandaoni kwa muuzaji wa Japani. Kamera inavuka mpaka Mahagi na kufuata barabara ya vumbi hadi machimboni. Ni kamera halisi, imetoka kiwandani kwa mwenye jina lake, ila haikupitia kwa wakala aliyeidhinishwa kuiuza nchini. Biashara hiyo Waingereza huiita soko la kijivu. Wafaransa, uagizaji sambamba.

Kijivu hakitufai. Kwa Kiingereza rangi hiyo imekaa kati ya soko jeupe na jeusi, nasi kwa soko jeusi tuna magendo, neno lisilo na rangi yoyote. Mwambie mchuuzi wa Bunia kamera yake ni ya kijivu, atakuonyesha kuwa ni nyeusi. Sambamba linawafaa wanasheria, lakini sokoni halisemeki. Mimi nachagua soko la pembeni.

Pembeni si magendo, na watu wa Mongbwalu hawahitaji kufundishwa tofauti. Dhahabu ya Ituri imetoroshwa miaka mingi kupitia Uganda. Human Rights Watch iliieleza njia hiyo katika ripoti yake ya mwaka 2005. Hayo ni magendo, sheria ya nchi imevunjwa. Kamera inaweza kuingia kwa barabara hiyohiyo, ikalipiwa ushuru wote Mahagi, na bado ikawa ya pembeni, kwa sababu kilichorukwa ni mapatano ya mtengenezaji na wakala wake tu.

Hasara huonekana kwenye garanti. Nikon ya Marekani kwa miaka mingi ilikataa kutengeneza kamera ambayo haikuiingiza yenyewe, hata mteja akiwa tayari kulipa. Sony nyingi zilizoundwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani pekee. Bei inavutia, kisha unajikuta unabonyeza kwa kubahatisha huku bibi harusi anasubiri. Chaja hazina neno: nyingi hupokea volti 100 hadi 240, unatafuta plagi tu.

Basi kumuuliza muuzaji kama mali ni orijino hakutoshi, maana orijino huenda ni kweli. Muulize garanti ni ya nchi gani na menyu ina lugha zipi. Akutumie picha ya namba iliyochapwa chini ya kamera, pamoja na risiti yenye namba hiyohiyo. Akianza kuzungusha maneno, huenda kamera yenyewe hana. Pesa ya simu ukishamtumia usiyemjua ni vigumu kuirudisha, kwa hiyo ndugu wa Kampala aishike kwanza, aiwashe, apige picha mbili tatu, ndipo alipe.

Na kamera ya pembeni ikiuzwa kwa bei ya wakala, usinunue.