Mwiko, Mchi na Mbuzi: Kazi ya Mikono Yetu Iliyofika Kariakoo

Ndugu zetu wana Kisarawe, tukipita Kariakoo kwenye vibanda vya vyombo vya jikoni, tunachagua mwiko, tunalipa, tunaondoka. Hatuulizi nani aliuchonga. Sisi ndio wa kuuliza, kwa kuwa sehemu ya jibu iko kwetu.

Reli ya kati ilipoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, Wazaramo walikuwa wachongaji tayari. Tunajulikana kwa mwanahiti, kinyago kidogo cha mwali, lakini mikono ile ile ilichonga vyombo vya kila siku: miiko, mbuzi za kukunia nazi, vinu na michi ya mkwaju. Tawi lililoanguka liliokotwa. Lililokatwa lilichongwa lingali bichi, wakati tezo inaingia bila kugombana na mti, kisha chombo kikawekwa kivulini kikauke polepole kisipasuke. Kulainisha walitumia majani ya msasa, yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Ndiyo maana hata karatasi ya dukani tunaiita msasa.

Waingereza waliutwaa mji mwaka 1916. Wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, wakawekwa penye jengo la soko lililojengwa na Wajerumani, na jina likageuka Kariakoo. Soko likakua, na wazee wetu wakashuka nalo: kuni, mkaa, muhogo na vyombo vya mti. Mwaka 1975 likafunguliwa jengo lililochorwa na msanifu Beda Amuli. Julai 2021 likaungua moto, lakini mjini miiko haikukosekana.

Kilichopungua ni wachongaji wetu. Sisi tuliosoma na kuhamia mjini tulikuwa wa kwanza kuiacha kazi hii, na hilo tulikubali. Tukaiacha miti nayo iishie kwenye tanuri la mkaa. Tawi likichomwa, linapika chungu kimoja. Likichongwa mwiko, linapika miaka. Hesabu hiyo haihitaji mhasibu.

Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imehifadhiwa, na hatumwambii mtu akakate humo. Lakini miembe ya mashambani kwetu hupogolewa, na matawi yake hutupwa au huchomwa. Hapo ndipo pa kuanzia.

Mwaka huu tunaomba sehemu ya michango inunue tezo, patasi na mawe ya kunolea, vijana wetu wakae na wazee wachache waliobaki na ujuzi. Kila shilingi itasomwa kwenye mkutano mkuu, risiti zikiwa mezani. Tusiahirishe, ndugu zetu. Samaki mkunje angali mbichi, na wazee hao hawatatungoja.