Waliotangulia: Lamu na Kumbukumbu ya Wafu Wake

Nyuma ya Msikiti wa Riyadha mjini Lamu pana kaburi la mnara ambalo wataalamu hulikadiria kuwa la karne ya 14. Mnara wake umetiwa mifereji ya wima kutoka chini hadi juu, na aliyeujenga hakuona uchungu wa mali wala wa mafundi. Jina la aliyelala chini yake limepotea. Katika mji huohuo lipo kaburi la Mwana Hadie Famau, lenye nguzo kwenye pembe zake, ambalo kuta zake zilipambwa kwa bakuli za kaure. Huyu jina limesalia, lakini ukiuliza alikuwa nani, masimulizi yanaisha kabla kahawa haijapoa.

Watu wamezikana katika visiwa vya Lamu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Shanga, kusini mwa kisiwa cha Pate, ulikuwa na wakazi tangu karne ya 8, na makaburi ya mawe yangalipo kati ya magofu. Pate, Siyu na Manda kila mmoja una maziara yake. Wenye uwezo walijenga kwa matumbawe na chokaa ili wasisahauliwe. Nikiyatazama yote hayo naona jiwe limewatupa mkono. Walioponea ni wale waliokuwa na watu wa kuwataja.

Mtu akifa leo Lamu, tangazo hutoka msikitini, likapita barazani na kumkuta mvuvi gatini hajatia nanga. Vichochoro ni vyembamba, magari hayapiti, kwa hiyo jeneza huenda mabegani. Wanaume hupokezana mbiombio, kila mmoja akitaka kulishika japo kwa hatua tatu, maana kumbeba mwenzio kuna thawabu. Kabla ya hapo maiti ameoshwa, amekafiniwa na kusaliwa, na mwanawe au nduguye amesimama mbele ya watu akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu aje kwake. Ni jambo dogo kulisikia, lakini mimi huliona kuwa ndiyo kumbukumbu ya kwanza ya marehemu: hesabu yake na wenzake, hadharani, kabla udongo haujamfunika. Kisha mwanandani, udongo, talakini, na dua.

Nyumbani wanawake wamekaa kilio. Matanga huchukua siku tatu, na hitima husomwa kwa kugawana juzuu 30 ili msahafu mzima ukamilike kwa kikao kimoja. Mjane ataingia eda ya miezi minne na siku kumi. Lakini hitima ikishasomwa na sadaka ikishaliwa, huanza jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha fikihi. Watu huanza kumsimulia marehemu. Mmoja alikaa naye chuoni kwa mwalimu mmoja, mwingine alisafiri naye jahazini, wa tatu aligombana naye juu ya mpaka wa shamba na sasa anasita kulisema. Mji ni mdogo, kila mtu ana kipande cha maisha ya mwenziwe, na katika siku hizo tatu vipande huunganishwa.

John Mbiti, kasisi na mwanazuoni wa Kikamba aliyefariki mwaka 2019, aliandika mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, akachagua maneno mawili ya Kiswahili kuufafanua wakati: sasa na zamani. Kwake, aliyekufa karibuni angali ndani ya sasa maadamu wapo waliomjua na wanaoweza kumtaja kwa jina. Siku wa mwisho wao anapofukiwa, huyo wa kwanza naye huzama katika zamani. Shehe wa Lamu hawezi kuikubali kauli hiyo kama ilivyo, kwani imani yake inamweka maiti katika barzakhi, si katika ndimi za watu. Hata hivyo lugha yenyewe inaonekana kusitasita. Marehemu ni aliyerehemewa. Hayati, neno tunalowapa viongozi wetu waliokwenda, kwa Kiarabu maana yake ni uhai.

Kwamba anayetajwa kwa jina angali hai, washairi wa visiwani walilielewa mapema. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anapita katika majumba ya Pate yaliyobaki matupu na kuuliza waliokuwamo wako wapi. Hawataji kwa jumla tu, bali huwaita jamaa zake kwa majina. Pate ile ya anasa imekuwa magofu, lakini msomaji wa leo angali anawajua watu kadhaa waliotembea ndani yake. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, alimtungia bintiye utendi mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Wanawake waliunakili na kuuhifadhi moyoni. Watawala wangapi wa zama zake tunaweza kuwataja leo bila kufungua kitabu?

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa tarikhi ya Pate, habari za wafalme wake. Inasemekana nakala yake asilia ilipotea mwaka 1890, Waingereza walipoupiga mji wa Witu ilimokuwa imehifadhiwa. Kilichowafikia wasomi mapema katika karne ya 20 kilitoka kinywani mwa Bwana Kitini, mzee wa ukoo wa Nabhani, aliyekuwa na orodha ya wafalme wa ukoo wake kichwani. Wanahistoria wanabishana kuhusu miaka yake na mpangilio wake, na wana haki. Lakini karatasi ilikwisha kwenda, mzee akabaki.

Hali ilivyo sasa hainipi utulivu. Kuna masheikh wanaoikataa hitima kwa kuiona ni bidaa, na mabishano hayo yameingia hata ndani ya nyumba moja. Mwaka 2020, katika maradhi ya korona, serikali ya Kenya iliweka kikomo cha watu 15 mazishini. Kwa mji ambamo kutohudhuria maziko ni aibu, amri hiyo ilikuwa nzito kuliko barakoa. Nyumba nyingi za kale, hasa katika kijiji jirani cha Shela, zimenunuliwa na wageni, na ukumbi uliokuwa ukitandikwa mikeka ya matanga sasa ni chumba cha watalii. Watoto walioko Mombasa, Oman au Ulaya hupata tanzia kwa simu, wakajibu kwa dua ya mstari mmoja. Siwalaumu. Ila mstari mmoja hauna nafasi ya ule ugomvi wa mpaka wa shamba.

Hata hivyo wapo wanaoendelea kutajwa bila kujulikana. Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mtaalamu wa lugha aliyezaliwa Lamu, alifariki mwaka 2017. Alitumia umri wake kukusanya tenzi na maneno ya wazee, na kubuni mengine mapya. Anayesema runinga anatamka neno lake, hata kama hajui.

Ng'ambo ya mlango wa bahari kutoka Shela, kisiwani Manda, lipo gofu la Takwa, mji uliohamwa katika karne ya 17. Kaburi lake la mnara lina maandishi ya miaka ya 1680. Shela yenyewe ina wafu wengine wasio na kaburi wala jina, wale waliouawa katika vita vilivyopiganwa pale mwanzoni mwa karne ya 19, ambao wenyeji husimulia kuwa mifupa yao ilikuwa ikifukuliwa na upepo katika vilima vya mchanga. Wa Takwa wamepata bahati tofauti, kwa sababu watu wa Shela hujihesabu kuwa kizazi chao. Mara mbili kwa mwaka wao huvuka kwenda kusoma dua kwenye kaburi lile na kuomba mvua. Safari hupangwa kwa maji: mkondo wa mikoko unaoelekea Takwa hupitika maji yakijaa, na yakitoka mashua hukaa pale pale hadi yarudi.