Maji ya Kuoshea Mazao: Funzo la Rufiji



Chama chetu kinapotimiza miaka 10, twapenda kukumbusha jambo lisiloandikwa katika vitabu vya hesabu, nalo ni maji tunayooshea mazao yetu. Aghalabu sisi wakulima husuuza nyanya na matango katika mto au dimbwi lililo karibu, ili yang'ae mbele ya mnunuzi barabarani Kibiti. Lakini kung'aa si kutakata, na historia ya pwani yetu yathibitisha.

Kipindupindu si maradhi mageni huku. Mwaka 1869 kiliingia Unguja, na Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu huko, akaandika kitabu, kilichotolewa mwaka 1876, akieleza jinsi maradhi hayo yalivyofuata njia za biashara. Kisha, Oktoba 1977, kilizuka katika delta ya Rufiji, wakati Kibiti ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji, kikaenea hata mikoa mingine. Dawa ya tetrasaiklini iligawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa wazima pia. Mwanzoni iliviua vijidudu. Baada ya miezi 5, kama walivyoeleza Mhalu na wenzake mwaka 1979, kiasi cha robo tatu ya vijidudu vilivyopimwa havikudhurika nayo tena.

Hapo twajifunza kwamba dawa yaweza kushindwa, na kwamba kinga ya kwanza ni maji safi. Tena wataalamu wamegundua kwamba kijidudu hicho huweza kuishi katika maji ya chumvi kidogo, kama yale ya penye mikoko, hata pasipo mgonjwa. Maji maangavu si lazima yawe salama.

Mboga za kupikwa husalimishwa na moto. Bali kachumbari, maembe na matikiti huliwa pasipo kupikwa. Tunda moja lenye uchafu, likitiwa katika beseni, huyachafua yote yafuatayo. Nyanya iliyopigwa na jua, ikitumbukizwa katika maji baridi, yaweza kunyonya maji penye kikonyo. Na vijidudu vikiisha kuingia ndani, hakuna kusuuza kutakakovitoa. Kisu nacho huchukua uchafu wa ganda la tikiti hata nyama yake.

Basi yatupasa mazao yapoe kivulini kwanza, na mikono ioshwe kwa sabuni. Maji yawe yaliyochemshwa, au yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, na yabadilishwe mara kwa mara. Tunda lioshwe kabla ya kukatwa. Asiye na maji safi, ni heri apanguse udongo kwa kitambaa safi kikavu kuliko kutumia maji ya dimbwi.

Twajua kuni zina gharama, na kwa wenzetu wa delta maji matamu hupatikana kwa taabu. Kumwagiza mwanachama asichoweza si haki. Kwa hiyo twashauri Mkutano Mkuu utenge sehemu ya ziada ya Chama kwa ajili ya maji salama katika kila kituo cha kukusanyia mazao. Mlaji wa mbali hamjui aliyelima, ametuamini sote. Mwenye kusuuza pakacha moja kwa maji machafu ameliweka jina la Chama kizima hatarini, na uhai wa mtu pia.