Ziara ya mafunzo

Nomino [i-/zi-]. Safari fupi ya wanafunzi na walimu wao kwenda kujifunza mahali penyewe, kisha kurejea. Wingi: ziara za mafunzo.

Matumizi: Ziara na kitenzi zuru vina asili moja ya Kiarabu. Zuru huchukua yambwa moja kwa moja: Wanafunzi walizuru Ngome ya Yesu, Mombasa, si “walizuru katika Ngome”.

Tofautisha: Matembezi huelekea burudani, ziara peke yake huweza kuwa ya kaburi au ya kiongozi. Safari ya masomo huweza kueleweka kuwa kwenda kusoma ugenini kwa muda mrefu. Katika barua ya kuomba idhini ya mzazi, tofauti hiyo huamua anachokubali: siku moja au miaka.