Tarehe ya Kutengenezwa na Tarehe ya Kutunzwa: Vitu Vyenye Sura za Marais na Mabadiliko ya Sifa Zao, kwa Mtazamo wa Mlandege, Iringa

Sifa za marais wa Tanzania kwa kawaida hupimwa kwa hotuba, magazeti na kumbukumbu za chama. Sarafu, noti, khanga, fulana na picha za ukutani hutajwa pembeni kama mapambo ya masimulizi. Makala haya yanavichukulia vitu hivyo kuwa ushahidi, lakini ushahidi unaohitaji kusomwa kwa hadhari, kwa kuwa kila kimoja kina tarehe mbili: tarehe kilipotengenezwa na tarehe mwenye nacho alipoamua kutokitupa. Ya kwanza hueleza jinsi dola ilivyotaka rais aonekane. Ya pili iko karibu zaidi na sifa yake mbele ya watu, nayo haiandikwi popote.

Mlandege ni kata ya Manispaa ya Iringa inayofahamika zaidi kwa soko lake. Katika mtaa wa biashara kama huu, sura ya rais haikuingia ikiwa kitu cha kukusanywa. Iliingia ikiwa pesa. Mwaka 1966, Benki Kuu ilipotoa fedha za kwanza za taifa, Mwalimu Julius Nyerere alichorwa upande mmoja wa sarafu na wanyama upande wa pili: samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye senti ishirini, sungura kwenye senti hamsini, shilingi moja ikabeba mwenge. Zilitolewa kwa mamilioni, na ndiyo maana hadi leo thamani yake kwa mkusanyaji ni ndogo. Wingi huo wenyewe una maana kwa mwanahistoria. Mtu aliyeiacha shilingi ya 1966 chini ya sanduku huenda hakuwa akimuenzi yeyote. Huenda aliisahau tu. Anayeitoa leo na kumwonyesha mjukuu wake anafanya jambo jingine kabisa, ingawa sarafu ni ileile.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee katika Mkoa wa Iringa. Isimani, kaskazini mwa mji kuelekea Dodoma, palikuwa na wakulima wa mahindi waliokuwa na mashamba makubwa, na sera ya vijiji vya ujamaa iliwagusa moja kwa moja. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa huko na mkulima Saidi Mwamwindi, ambaye alihukumiwa kifo na kunyongwa. Operesheni za kuwahamishia watu vijijini ziliendelea nchini hadi katikati ya miaka ya 1970. Kwa hiyo, picha ya Nyerere iliyotundikwa katika nyumba ya Iringa mwaka 1974 haiwezi kusomwa kirahisi kuwa ni ishara ya mapenzi. Inaweza kuwa mapenzi. Inaweza pia kuwa tahadhari ya mwenye duka asiyetaka kuulizwa picha iko wapi. Mtafiti anayekutana na picha hiyo miaka hamsini baadaye, imehifadhiwa vizuri katika fremu yake, ana kishawishi cha kudhani kwamba heshima ya leo ndiyo iliyoitundika. Kosa hilo hufuta historia ya Isimani bila kuitaja.

Sifa ya Nyerere haikupanda kwa mstari mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walipanga foleni za sukari, sabuni na nguo, na alipong'atuka mwaka 1985 wengi walipokea mabadiliko kama nafuu. Chini ya Ali Hassan Mwinyi, aliyepewa jina la Mzee Ruksa, bidhaa zilirudi madukani na mitumba ikajaa masokoni. Lakini Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza miiko ya uongozi, na kadiri mali za viongozi zilivyozidi kuonekana, ndivyo maisha ya kawaida ya Mwalimu yalivyogeuka kuwa kipimo. Kifo chake mjini London tarehe 14 Oktoba 1999 kilikuta kipimo hicho kimekwisha kuwekwa. Mwaka 2005 Kanisa Katoliki lilianza kumwita Mtumishi wa Mungu. Hapo mkulima aliyehamishwa kwa nguvu na mkulima aliyenufaika na shule ya kijiji waliweza kutundika picha moja, kila mmoja kwa sababu yake. Aliyempandisha Nyerere, kwa kiasi kikubwa, ni waliomfuata.

Hali hiyohiyo inaonekana tangu John Magufuli afariki mwaka 2021, ingawa muda ni mfupi mno kutoa hukumu. Wanaomkumbuka kwa kupambana na ufisadi na wanaomkumbuka kwa kubana upinzani na vyombo vya habari wanazungumza juu ya miaka ileile. Fulana na khanga za kampeni za 2015 na 2020 zinavaliwa bado shambani na jikoni, nyingi zikiwa zimechakaa hadi maandishi hayasomeki. Ndivyo khanga zilivyo: ile inayopendwa huvaliwa, na inayovaliwa huisha. Makumbusho yanayotegemea zilizobaki salama yatakusanya zaidi zile ambazo hazikuvaliwa, na pengine hazikupendwa.

Mwinyi ndiye anayedhihirisha vizuri zaidi tatizo la tarehe mbili. Sura yake ilikuwa kwenye sarafu ya shilingi moja ya 1987, na noti ya shilingi 1,000 iliyotoka mwaka 1990 ilikuwa naye pia. Mwaka 1966 noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya shilingi mia moja. Hivyo wafanyabiashara waliizoea sura ya Mwinyi wakati thamani ya shilingi ikishuka, na utani wa sokoni kuhusu noti hizo haukuwa wa heshima sana. Waliomfuata hawakurithi nafasi hiyo: noti za 1997 zilibeba kichwa cha twiga, na Nyerere akarudishwa kwenye noti ya shilingi 1,000 baada ya kufariki. Kenya ilikwenda mbali zaidi, Katiba ya 2010 ikakataza kabisa sura ya mtu kwenye fedha.

Mwinyi alifariki tarehe 29 Februari 2024. Mwezi Oktoba mwaka huo serikali ilitangaza kuondolewa kwa noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, na kipindi cha kuzibadilisha kilianza tarehe 6 Januari 2025 hadi 5 Aprili 2025. Noti ya Mwinyi iliyolala kwenye kibubu siku ya mwisho ilikuwa bado pesa. Kesho yake ilikuwa karatasi. Mtu aliyechelewa kwenda benki na mtu aliyeamua kwa makusudi kubaki nayo wote sasa wana kitu kilekile mkononi. Kuwatofautisha kunawezekana tu kwa kuwauliza wangali hai, wakati bado wanakumbuka kwa nini hawakwenda.