Bondo huhitaji maji kidogo na tahadhari kubwa

Mmea uitwao bondo kwa Kiluo hufananishwa na dungusi kakati kwa sababu ya shina lake nene lenye miiba. Hata hivyo, asili ya dungusi ni Amerika, ilhali bondo ni wa Afrika na huweza kupita mita 10.

Huko Nyalenda, Kisumu, udongo mweusi hutuamisha maji wakati wa masika, na mizizi huoza. Hivyo upandwe katika chungu chenye tundu, kwa udongo uliochanganywa na mchanga, penye jua, na unyweshwe udongo ukikauka tu.

Utomvu wake mweupe huunguza ngozi na waweza kupofusha. Watoto wasiuguse. Ukiingia machoni, yaoshwe kwa maji safi mengi, kisha mwathiriwa apelekwe hospitalini mara moja.