Isimila, Kalenga na Jiwe Lililokuwa Sandukuni

Wenzangu tuliosoma pamoja, na ninyi vijana mnaokalia madawati yetu hivi sasa: katika mkutano wetu wa mwaka huu iliamuliwa kwamba siku ya Jumamosi tutoke kutembea kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Wengi walitaka Hifadhi ya Ruaha wakaone tembo. Mimi niling'ang'ania Isimila na Kalenga mpaka wakanikubalia, lakini sababu yangu sikuisema. Mhariri ameniomba niandike juu ya safari ile, basi hapana budi niiseme.

Mara ya kwanza nilifika Isimila mwaka 1974, nikiwa kidato cha tatu. Tulipanda lori la shule tukiimba, kila mtu na kiazi chake cha kuchemsha mfukoni, na mwalimu wetu wa historia amekaa mbele na dereva. Ni mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya. Njiani tuliwapita watu waliobeba vibuyu vya ulanzi, na mwalimu akatoa kichwa dirishani kutukumbusha adhabu ya kinywaji hicho. (Wako waliokuwa wakiijua adhabu hiyo vizuri zaidi. Siwataji, maana wengine leo ni wazee wa kanisa.)

Kule Isimila wengi hupenda nguzo: minara ya udongo na mchanga iliyochongwa na maji ya mvua kwa miaka mingi, mingine mirefu kuliko nyumba, mingine imevaa kofia ya tabaka gumu juu. Sisi nasi tulikimbilia huko kujificha na kuitana. Lakini mwalimu alituita turudi kwenye korongo jingine, akatuonyesha chini. Mawe yalikuwa yametapakaa kama kuni zilizomwagika: mashoka ya mkono, yamechongwa pande zote mbili hadi ncha, na mengine yenye makali mapana kama ya patasi. Alitueleza kwamba hapo palikuwa na ziwa dogo lisilo na kina, ambapo wanyama walikuja kunywa na watu wakaja kwa ajili ya maji na wanyama. Kati ya mifupa iliyopatikana imo ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa kuliko ya kiboko tunayemjua.

Mahali hapo palijulikana kwa wataalamu mwaka 1951, baada ya msafiri mmoja, D. Maclennan, aliyekuwa akitoka Nairobi kwenda Johannesburg, kuokota mawe kadhaa na kuyafikisha kwao. Mwaka 1957 na 1958 Profesa Clark Howell na wenzake walichimba tabaka kwa tabaka. Baadaye mifupa ilipimwa kwa njia ya madini ya yurani, na hesabu ikakaribia miaka 260,000. Nimejaribu mara nyingi kuifikiria hesabu hiyo, nikashindwa. Babu wa babu yangu simjui hata jina.

Basi, wenzangu walipokuwa wakipanda lorini, nilijifanya nafunga kamba ya kiatu, nikaokota shoka moja lenye urefu wa kiganja na vidole vyangu, nikalitia ndani ya sweta. Sheria ya Mambo ya Kale ilikuwapo tangu mwaka 1964, lakini nisijifiche nyuma ya kutoijua, kwa sababu mwalimu alikuwa ametukataza kwa kinywa chake. Nilijiambia kwamba hata yule Maclennan aliokota. Usiku nililiweka chini ya sanduku langu la bati, likafungiwa humo mpaka nilipomaliza shule. Kisha likahama nami nyumba kwa nyumba. Lilizuia mlango, likakandamiza karatasi, na mke wangu alilitumia kugandamiza kachumbari.

Siku ile ya 1974 hatukurudi shuleni moja kwa moja. Tulipita Kalenga, kilomita 15 hivi kutoka mjini kwa barabara iendayo Ruaha. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, Mkwavinyika mwana wa Munyigumba. Jina lenyewe la Iringa latokana na neno la Kihehe la ngome, lilinga. Vijana mnaopita kila siku kambi ya Lugalo jijini Dar es Salaam, jueni kwamba Lugalo lenyewe liko huku kwetu, mashariki ya mji kwa barabara ya Morogoro. Hapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walilivamia jeshi la Wajerumani likiwa safarini, na kwa muda mfupi wakaliangamiza, pamoja na kamanda wake Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Wajerumani walirudi na mizinga. Tarehe 30 Oktoba 1894 waliivunja ngome ya Kalenga, lakini mwenyewe hawakumkuta. Alipigana nao porini karibu miaka 4 zaidi. Waliahidi rupia 5,000 kwa kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, alipoona amezingirwa, alijipiga risasi mwenyewe. Kichwa kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani. Mwili ulibaki Mlambalasi.

Linalonishangaza mpaka leo ni yaliyofuata. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza katika miezi 6. Miezi 6 ikawa miaka 35. Gavana Twining alikwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu mengi kabatini, na ikabidi kulitafuta moja kwa kupima na kulinganisha na vichwa vya watu wa ukoo. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu lilikabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, yule ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Tuliliona ndani ya kioo. Wako wanaouliza hata sasa kama kweli ni lenyewe, na swali hilo si la ukaidi. Kitu kikiondolewa mahali pake bila kuandikwa, atakayekitafuta baadaye hana ila kukisia. Wakati ule sikuyawaza hayo. Nilisimama mbele ya kioo, jiwe likinichoma ubavuni ndani ya sweta, nikiomba mwalimu asinishike bega.

Jumamosi ya mkutano wetu basi lilianzia Isimila. Mwenzangu mmoja aliuliza mbona mfuko wangu mzito, nikamwambia ni chakula. Mlinzi wa mahali pale ni kijana, huenda umri wake ni sawa na wa mwanangu wa mwisho. Nilimvuta pembeni.

"Kamwene."

"Kamwene, babu."

Nikafungua mfuko. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kujitetea, yote yakanipotea. Nikasema tu, "Nililichukua hapa mwaka 1974."

Hakunigombeza. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo. Akasema limechongwa na mtu mwenye mkono mwepesi. Kisha akatoa daftari na kalamu, akaniuliza, "Babu, ulilitoa wapi hasa? Korongo lipi? Lilikuwa limelala juu ya mchanga, au lilikuwa likichomoza kwenye ukuta?"

Nilitazama huku na huku. Mvua za karibu miaka hamsini zilikuwa zimekata kingo mpya, na palipokuwa na njia yetu palikuwa na kichaka. Nilimwonyesha upande mmoja, kisha nikamwonyesha mwingine. Alingoja kidogo na kalamu yake, halafu akaandika tarehe ya siku ile, jina langu, na neno "limerudishwa". Sehemu ya mahali akaiacha tupu.

Wenzangu walikuwa wameshafika kwenye nguzo, wanaitana kama watoto.